Darubini ya Mama Baridi

Fundi Futi aliipima darubini kabla hajaitazamia. Aliishusha futikamba yake kutoka shingoni, akaizungusha kwenye bomba jeupe, akapima urefu, akapima upana wa mdomo, akapima hata lile gurudumu dogo la kurekebishia umbali, kisha akaandika vipimo vyote kwenye kiganja kwa sababu daftari alilisahau karakanani. Muuzaji, mwalimu mstaafu wa fizikia ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hata wale ambao hakuwahi kuwafundisha, aliegemeza viwiko kwenye kaunta akamtazama kwa furaha ya mtu ambaye hajapata mteja tangu asubuhi.

"Miaka kumi na moja nauza vitu hivi," akasema Mwalimu. "Wapo wanaoangalia bei kwanza. Wapo wanaoangalia rangi. Wa kuzipima kiuno ni wewe tu."

"Mimi nashona mabegi, Mwalimu. Kitu nisichojua kipimo chake naona kama bado sijakiona."

"Haya, umeshakiona. Sasa nijibu swali moja tu, maana ndilo linalochagua darubini, siyo mimi wala wewe. Huyo mwenye kuitumia atatazamia wapi?"

Swali lilikuwa jepesi kabisa, lakini Fundi aliligeuzia mgongo. Akajitia kuangalia kamera kuukuu zilizopangwa kabatini.

Darubini za maana, za bei ya kuzungumzika, dukani mle zilikuwa mbili. Moja ni hiyo ndogo aliyoipima, ya lenzi, ambayo urefu wake haukuzidi mkono kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole cha kati. Nyingine ilisimama sakafuni pembeni, ya kioo, bomba lake jeusi nene kama bomba la maji machafu, juu ya stendi ya chuma iliyohitaji wanaume wawili na maneno makali kuisogeza.

"Ile kubwa inakusanya mwanga mwingi," Mwalimu akaeleza, akirudi bila kujua kwenye sauti ya darasani. "Itakuonyesha mambo. Lakini kioo chake hakipendi kutikiswa. Kila ukiihamisha utakaa chini uanze kukinyoosha upya. Ukishaipa mahali, iache hapohapo izeeke. Hii ndogo ni ya msafiri. Lenzi zake zimebanwa kiwandani, mashimo ya barabarani hayaisumbui. Itaona kidogo, ila itaona popote. Ndiyo maana nauliza, wapi?"

"Nyumbani," Fundi akasema. "Juu ya paa. Tuna paa bapa, zuri sana."

"Basi hakuna cha kufikiria. Chukua kubwa."

Fundi akatoa malipo ya kwanza, wakakubaliana iletwe Jumamosi, akatoka huku akipangusa kiganja kwenye suruali. Wino wa vipimo vya darubini ndogo haukutoka.

Kuhusu paa hakuwa amesema uongo. Paa lilikuwepo. Aliyekuwa hayupo ni mkewe.

Mkewe alikuwa fundi wa majokofu ya chanjo, na majokofu ya chanjo yana tabia ya kuharibika mbali. Wiki mbili za kila mwezi alikuwa barabarani na dereva wa ghala kuu, kituo hadi kituo, akilala kwenye vyumba vya wauguzi na kula kilichopo. Wauguzi hao ndio waliompa jina la Mama Baridi, jina la utani hasa, kwa sababu hakukuwa na mwanamke mwenye maneno moto kumzidi. Aliweza kugombana na jokofu hadi likaona haya likawaka. Na kila aliporudi alileta mbingu. Alianza kuvua viatu mlangoni, na kabla kiatu cha pili hakijatua alikuwa ameshafika kwenye nyota: jinsi huko zilivyo nyingi, jinsi zinavyoshuka hadi kwenye paa la choo cha kituo. Mara moja, miaka minne iliyopita, mwalimu wa shule jirani na kituo kimoja alimruhusu achungulie kwenye darubini ya shule, akaiona pete ya Zohali kwa macho yake. Hadithi hiyo Fundi aliisikia mara kumi na saba. Mara ya kwanza foleni ya wanafunzi mbele yake ilikuwa na watoto kumi. Mara ya kumi na saba ilikuwa na shule nzima, mpishi na mlinzi. Fundi hakumsahihisha hata siku moja. Alipenda kuona foleni inavyokua.

Alimpenda kupita kiasi, hilo ndilo lililokuwa tatizo lake. Miaka ishirini na mitano ya ndoa ingetimia Jumamosi, na bado akiondoka Fundi alikula wima mbele ya jiko kama mtu anayesubiri gari. Alilala upande wake wa kitanda na kuuacha upande wa pili umetandikwa. Alizungumza na cherehani.

Kisha ikaja barua. Mkuu wa ghala alimtaka Mama Baridi awe msimamizi wa karakana ya hapa mjini: meza, kiti, vijana wa kuwafundisha, hakuna tena kusafiri. Ajibu ifikapo Jumatatu. Mkewe aliibandika kwenye mlango wa friji yao, akamtazama machoni, akamuuliza, "Wewe unasemaje?" Na Fundi, ambaye moyo wake ulikuwa ukiruka kama mtoto aliyeona zawadi, akasema, "Uamuzi ni wako, bibie." Alijiona muungwana. Mkewe alimtazama kidogo zaidi ya ilivyo kawaida, kisha akaenda kufunga mzigo wa safari.

Kwa hiyo darubini kubwa. Zawadi ya miaka ishirini na mitano, juu ya paa, mahali pake, izeeke hapohapo. Atakayetaka nyota atazikuta nyumbani. Fundi alijua anachokifanya, ila hakuwa amejikalisha chini akajiambia.

*

Jioni ya siku ileile simu iliita. Alikuwa mezani, akitia nta kwenye uzi.

"Fundi."

"Bibie! Uko wapi?"

"Kituo cha mlimani. Jokofu limenitoa jasho tangu asubuhi, limekubali sasa hivi. Umekula?"

"Nimekula."

"Ukiwa umekaa?"

Fundi akauliza jokofu lilikuwa na nini. Mkewe akacheka, kicheko kile cha puani.

"Toka nje," akasema. "Toka na simu. Tazama jua lilikozama. Unaona nyota kubwa peke yake?"

Fundi alitoka hadi kizingitini. Kati ya nyaya za umeme na bango la duka la rangi, kweli, ilikuwepo, nyeupe, imetulia.

"Naiona."

"Hiyo ni Zuhura. Huku inang'aa mpaka unatamani kuishika. Basi tunaangalia kitu kimoja mimi na wewe." Akavuta pumzi. "Umefikiria ile barua?"

Hapo ndipo angesema. Maneno yalikuwa pale pale, yamejipanga. Rudi nyumbani, nimechoka kula wima. Heshima yake ikasimama mlangoni kama askari.

"Nimeshakwambia, bibie. Uamuzi ni wako."

"Sawa," akasema mkewe.

Wanandoa wa miaka mingi wana sawa za aina nyingi, na Fundi alizijua zote za mkewe. Hii hakuwahi kuisikia. Ilikuwa sawa ya mtu aliyebisha hodi akaambiwa wenyewe hawapo, naye anasikia watu wakikohoa ndani.

Akarudi kazini akiwa hana raha. Ili apate pa kuweka mikono, akatandaza karatasi ya kaki sakafuni aanze kuchora begi la darubini kubwa. Kitu chochote kilichoingia katika nyumba yao kilipata begi. Hata pasi ilikuwa na lake. Alichora mviringo wa bomba, akaongeza ubavu, akaongeza nafasi ya sponji, akainuka kutazama. Kilicholala sakafuni kilikuwa kikubwa kumzidi yeye. Akajaribu kuweka mikanda. Mkanda wa begani? Bega la nani? Mpini wa juu? Angeushika nani, akaenda nao wapi? Akafuta, akachora upya, akafuta tena hadi karatasi ikatoboka. Katika miaka thelathini ya kazi alishashona begi la ngoma, begi la taipureta, begi la mguu wa bandia, na yote yalianza na swali moja ambalo alimwuliza kila mteja kabla ya kitambaa na kabla ya bei: linakwenda wapi?

Alikunja karatasi akaisukuma chini ya meza. Hakutaka kulifikiria zaidi ya hapo.

*

Kesho yake alishika kazi aliyoachiwa na mkewe mwenyewe: begi lake la zamani la spana, ambalo mkanda wake ulikatika siku moja kabla ya safari, akalazimika kuondoka na la akiba. Fundi alilishona begi hilo miaka tisa iliyopita, la turubai nene la kijani, na alijua kila mshono wake. Ndiyo maana alipoingiza mkono ndani kutafuta mzizi wa mkanda, vidole vikakutana na kitu kisichokuwa chake.

Akaligeuza begi ndani nje. Kwenye ubavu wa chini, pale ambapo mgongo wa mbebaji hulalia, palikuwa na mfuko. Mfuko mdogo wa kitambaa cha shuka la hospitali, umeshonwa kwa mkono, kwa uzi mweusi, kwa mshono uliokuwa ukienda kama mlevi: mrefu, mfupi, mrefu, fundo, fundo juu ya fundo. Fundi Futi aliumia kama mpishi aliyemkuta mkewe akila kwa jirani. Mfuko, ndani ya begi lake! Kwa nini hakusema? Angemshonea kumi.

Ndani ya mfuko mlikuwa na ramani ya nyota iliyokunjwa mpaka mikunjo ikawa myeupe, na daftari la kiganja.

Hakuwa mtu wa kuchokoa vitu vya watu. Alilishika daftari, akaliweka mezani, akashona inchi mbili za mkanda, akalitazama, akashona inchi nyingine. Kisha akalifungua katikati, akijiapiza ni ukurasa mmoja tu.

*Kituo cha darajani. Jokofu limepona saa kumi. Mawingu mpaka saa moja, kisha Kilimia wazi kabisa. Nimehesabu nyota saba, muuguzi anasema sita, tumebishana.*

*Ya kumwambia: muuguzi huyu ana begi la mwanawe la shule, zipu imeng'oka, kafunga kwa pini kumi na mbili. Angelia.*

*Ya kumwambia: mbu wa huku hawana adabu.*

*Ya kumwambia: jua lilipozama nimejikuta nimegeukia upande wa nyumbani kabla sijatafuta nyota yoyote.*

Hiyo ya tatu hakuwahi kuambiwa. Ya pini kumi na mbili aliikumbuka vizuri. Mkewe aliisimulia akiwa amesimama mlangoni na kiatu kimoja mkononi, na kweli nusura Fundi alie. Alidhani maneno yale humtoka tu, kama yanavyowatoka watu wenye midomo myepesi. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kushinda na jokofu siku nzima, mikono imejaa grisi, kisha akaketi na kalamu kumchagulia yeye vya kumletea. Miaka yote hiyo alihesabu siku alizoachwa peke yake, na kwa siku hizohizo mwenzake alikuwa akimfanyia kazi.

Akalifumba daftari. Akakaa na mikono mapajani kwa muda mrefu, futikamba ikining'inia. Mteja aliingia kuulizia begi la kompyuta, akamwangalia usoni, akasema atarudi kesho.

*

"Ulisema paa," Mwalimu akamkumbusha.

"Niliogopa."

"Na leo?"

"Leo naogopa vilevile. Nipe ndogo."

Mwalimu hakuuliza zaidi. Alikuwa amefundisha watu miaka mingi, na alijua uso wa mtu aliyekwisha kufanya hesabu yake mwenyewe. Akaitoa darubini ndogo hadi mlangoni, akaifunga juu ya stendi yake nyembamba ya miguu mitatu, akailenga barabarani. "Safari hii angalia kwanza. Usiniletee futi."

Fundi akainama. Akainuka upesi.

"Mwalimu, hii mbovu. Bango la duka la dawa limekaa kichwa chini miguu juu."

"Zote za kutazamia nyota ndivyo zilivyo. Mwezi hauna maandishi. Ukiuona kichwa chini utajuaje?"

Fundi akainama tena. Alipozoea, alianza kuona. Aliona nati kwenye nguzo ya umeme upande wa pili wa barabara, akaona na kutu ya nati. Aliona ukingo wa bati ukiwa na utepe mwembamba wa zambarau ambao kwenye bati lenyewe haukuwepo.

"Na hii zambarau?"

"Hiyo ndiyo bei yako. Kuna lenzi zisizo na zambarau, lakini ukizitaka itabidi uuze na cherehani. Kwenye mwezi ataiona pembeni kidogo. Pete ya Zohali ataiona ndogo, kama punje ya mtama yenye masikio. Kilimia ataiona vizuri kuliko kwa ile kubwa, maana hii ina uwanja mpana, inashika kipande kikubwa cha anga kwa mara moja. Sikudanganyi."

"Na ile pale yenye sanduku lililoandikwa inakuza mara mia tano? Bei yake nusu."

"Ile wanauza sanduku," Mwalimu akasema, na Fundi, mtu wa vifungashio, akamwelewa papo hapo.

Aligusa bomba kwa kidole. Bango, nguzo na nati vyote vikacheza, vikachukua muda kutulia.

"Inatetemeka."

"Stendi nyepesi lazima itetemeke, na nzito haisafiri. Wengine hufunga mzigo hapa kwenye kulabu ya katikati ili itulie. Hubeba mfuko, wakaujaza mawe."

"Mke wangu anatembea na kilo saba za spana," Fundi akasema polepole. Macho yake tayari yalikuwa yameiacha darubini na kwenda mahali pengine, mahali penye turubai, pete za chuma na nta. Mwalimu alilazimika kumgusa bega ampe chenji yake.

*

Alishona siku mbili. Alianza na swali lake, na safari hii lilikuwa na jibu. Gari la ghala alilijua. Lilipokuja kumchukua mkewe mwaka jana alilipima bila kuombwa, dereva akimshangaa. Chini ya kiti cha mbele, kando ya kizima-moto, palikuwa na nafasi ya begi lenye urefu huu na upana huu, na si zaidi. Ndani aliweka kitanda cha sponji cha bomba, kijaluba cha lenzi za jicho na mkanda wa kubana stendi. Begi la spana alilipa mkanda mpya, na juu, katikati, akalishonea kitanzi cha kuning'inizia chenye mishono mitano ya kurudia. Alikijaribu kwa kuning'inia mwenyewe.

Mwisho akaufumua mfuko wa shuka la hospitali. Mikono yake yote miwili ilimwasha kuushona upya, unyooke, uwe na adabu. Akajizuia. Aliuhamishia kwenye begi jipya kama ulivyo, na mshono wake wa kilevi, akifuata matundu yaleyale ya sindano ya mkewe moja baada ya jingine. Ndiyo kazi iliyomchukua muda mrefu kuliko zote.

Ijumaa, jua likiwa limeinama, akasikia kiatu cha kwanza kikidondoka mlangoni.

"Umekonda!" mkewe akapaza sauti kutoka kizingitini, hajamwona hata uso vizuri.

"Nawe umeungua. Karibu nyumbani, bibie. Pole na safari."

"Nimeshapoa. Fundi, sikia, leo tuizungumze hii kitu iishe." Tayari alikuwa jikoni, akaibandua barua kwenye friji, akaja nayo mkononi, vumbi la barabara bado kwenye nyusi. "Usiniambie uamuzi ni wangu. Nimesafiri na hilo neno siku tisa. Limenielemea kuliko spana."

"Tupande juu kwanza. Hamishia spana zako kwenye begi lako la zamani, limepona, uje nalo. Zawadi ya kesho nakupa leo."

Juu ya paa palikuwa na kamba za nguo, tangi la maji, na mwanga uliobaki wa rangi ya chai. Upande wa machweo mwezi mchanga ulishajitokeza, na Zuhura karibu yake. Fundi akamkabidhi begi jipya. Mkewe akafungua zipu, akatazama. Aliipakata ile darubini kama wauguzi wanavyompakata mtoto wa mtu. Kisha mikono yake, mikono ya fundi, ikaanza kukagua: ikapima uzito, ikajaribu kibanio, ikapita ubavuni mwa begi kwa ndani. Ikasimama.

Alivitambua vile vifundo kwa vidole bila kutazama.

"Umesoma," akasema.

"Ukurasa mmoja."

"Upi?"

"Wa pini kumi na mbili. Na mbu. Na… kilichofuata."

Mkewe akaangalia pembeni, kwenye tangi la maji. "Hicho nilikiacha huko huko kwa sababu nilijua ungenikalia kimya."

"Ndivyo ningefanya."

"Hii inaingia kwenye gari, Fundi?"

"Chini ya kiti cha mbele. Kando ya kizima-moto."

Akamgeukia. Macho yake yalikuwa yamelowa na wakati huohuo yamekasirika. "Basi sema. Mabegi yako nayajua, yanasema, lakini leo nataka kwa mdomo."

Fundi akashika ncha zote mbili za futikamba. Jasho lilimtoka mtu yule kana kwamba anatoa ushahidi mahakamani.

"Nataka ukae," akasema. "Nikuambie kweli, nataka ukae kila siku ya Mungu. Ukiondoka nyumba hii inakuwa stoo. Nilikwenda kununua darubini kubwa isiyobebeka, ili ukiipenda usiweze kwenda popote, na pesa nilishatoa. Ndivyo nilivyo, ukinicheka nicheke. Lakini nikashindwa kuichorea begi. Na sitaki msimamizi anayekaa mezani akiangalia saa. Nataka huyo anayerudi na foleni ya mpishi na mlinzi. Basi. Nimemaliza."

Mkewe hakumcheka. Alimfuta jasho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akaiacha mikono yake hapo kwenye mashavu kwa muda.

"Mpishi alikuwepo kweli," akasema.

"Najua."

Wakafunga darubini kwenye stendi. Picha ilicheza, Fundi akaonyesha kitanzi na kulabu, na mkewe, akiwa ameshaelewa kabla hajaambiwa, akalining'iniza begi la spana katikati ya ile miguu mitatu. Mtetemo ukapungua, lakini haukuisha. Paa lao lilikuwa na kiraka cha saruji pale waliposimama, na mguu mmoja ulikuwa ukielea unene wa sarafu. Mkewe akaangaza huku na huku kutafuta kijiwe. Kisha akaichomoa ile karatasi aliyopanda nayo mfukoni, akaikunja mara mbili, akaikunja tena, akainama na kuisukuma chini ya mguu wa stendi. Akaujaribu kwa kidole. Ulitulia tuli.

"Bibie, hiyo si barua ya ofisi?"

"Karatasi nzuri, nene," akasema. "Jumatatu nitawarudishia na kiti chao, niwaeleze kwa nini ina mkunjo."

Akainama akachungulia. Fundi alimwona akishika pumzi, akaona bega lake likishuka taratibu, kama lilivyoshuka kila alipotua mzigo mlangoni.

"Pembeni kuna zambarau kidogo," Fundi akasema kwa wasiwasi. "Mwalimu alisema ndiyo bei yake. Na mwezi umepinduka."

"Nyamaza, Fundi."

Chini mtaani mtu alikuwa akifunga mlango wa chuma wa duka, na mahali fulani redio ilikuwa ikisoma habari. Mkewe alitazama mpaka mwezi ukatoka kwenye duara la lenzi, akausogezea bomba, akatazama tena. Alipoinuka alipapasa ndani ya begi jipya, akatoa daftari kwenye mfuko wake mbaya, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuanza kuandika kwa mwanga uliobaki. Fundi, amesimama nyuma yake, hakuchungulia, ila aliweza kuona. Tarehe. Mahali: nyumbani. Mwezi mchanga, mashimo yake wazi kwenye ukingo. Kisha akaandika *Ya kumwambia*, akatia nukta mbili, na kalamu ikabaki hewani.

Halafu akaifunika kalamu, akajisogeza kwenye ndoo mpaka ikapatikana nafasi ya mtu wa pili.

"Kaa," akasema.